Mpira wa Mlango wa Nyuma

Mluzi ulianza walipokaribia mpaka wa Kenya, Ras Kamboni ikionekana chini upande wa kushoto. Ulikuwa mwembamba, kama wa mtu anayepuliza pembeni mwa mdomo wa chupa. Abiria waliokaa nyuma waliusikia wakadhani ndivyo ndege zilivyo. Gharibu Athmani, aliyekuwa kiti cha mwisho kabisa, mahali pake pa siku zote, alifungua mkanda akainuka.

Alikwenda mpaka mlango wa huduma ulio nyuma, upande wa kulia, akachuchumaa, akapitisha kiganja pole pole kwenye ukingo wake wote. Kwenye kona ya chini akahisi ngozi ya kidole ikivutwa. Akachana kipande cha karatasi ya kufutia mikono, akakisogeza pale, na karatasi ikang'ang'ania upenyo kana kwamba imegandishwa. Basi akajua. Mpira unaozunguka mlango ulikuwa umechanika, na hewa ya ndani ilikuwa ikitoka.

Halikuwa jambo la kutisha. Ndege ya jeti hupuliziwa hewa ndani wakati wote iwapo juu, na ikivuja kidogo mitambo huongeza. Alikwenda mbele akamwambia Kapteni Abdisalam kwamba wakishatua atautazama mpira ule, na kwamba wakati wa kurudi huenda ikawabidi wasipande juu sana. Kapteni akaitikia kwa kichwa, macho yake kwenye saa za mbele yake, na mazungumzo yakaishia hapo.

Gharibu alizaliwa Koyama, kusini mwa Kismayu, lakini kisiwa hakukikumbuka vizuri. Vita vilipofika pwani mama yake alimbeba, wakapanda chombo na wengine, wakashukia Kenya, wakaishi miaka kadhaa katika kambi ya wakimbizi nje ya Mombasa. Adnani, mdogo wake, alizaliwa kambini. Kambi ilipofungwa mama akarudi Koyama na yule mdogo, na Gharibu akaachwa kwa mjomba wake Husein ili asome. Hivyo ndugu wawili wakakulia mbali mbali. Mmoja alifunzwa na bahari. Mwingine alikwenda chuo cha mafundi wa ndege Nairobi, akatoka na cheti, akatumikia miaka chini ya wakubwa zake akishika tochi na kusafisha vipuri kwa mafuta ya taa, hata akapata leseni yake mwenyewe. Sasa alikuwa mhandisi wa kampuni ndogo iliyokuwa ikipeleka jeti lake Kismayu mara kwa mara kutoka Mombasa. Kwa kuwa Kismayu hapakuwa na fundi wa ndege ile, wala spana ya kuazima, yeye na sanduku lake la vifaa walisafiri nayo kila mara. Alitua katika ardhi ya kwao mara nyingi kuliko alizoweza kukumbuka, na kwa sababu za usalama hakuwahi kuvuka geti la uwanja.

Siku ile walipotua joto lilikuwa kali hata lami ilinata chini ya viatu. Abiria walishuka, wengine wakaanza kukusanyika kivulini wakingoja zamu yao ya kupanda. Gharibu alikuwa akipiga tochi kwenye injini ya kushoto simu yake ilipolia. Alikuwa Saada, mke wa Adnani.

Hakumsalimu. Alimwambia yuko hapo getini, ndani ya gari la hospitali, na Adnani yumo, na wanajeshi hawataki kuwafungulia.

"Nduguyo hana miguu, Gharibu," alisema. "Iko, lakini hana."

Alikwenda getini karibu akimbie. Baada ya kusihi sana, na ofisa mmoja wa uwanja kumdhamini, gari likaruhusiwa kuingia. Adnani alikuwa amelazwa kwenye machela, mtu mpana wa kifua, uso umekauka kama wa mgonjwa wa siku nyingi, na barakoa ya hewa mdomoni. Alimtazama kaka yake akajaribu kutabasamu. Gharibu akamshika mguu kwa nguvu, mguu wa mtu aliyezoea kupiga mbizi tangu utotoni, na Adnani hakuonyesha kwamba ameuhisi mkono.

Daktari aliyefuatana nao aliitwa Hodan, mwanamke mwenye sauti ya taratibu iliyoficha wasiwasi. Alimweleza Gharibu pembeni. Adnani na wenzake walikuwa wakizamia kamba wakubwa kwenye miamba nje ya Koyama, na siku hizi walikuwa wakitumia mitungi ya hewa, kwa kuwa kamba wa karibu walikwisha. Jana mtungi wake ulikatika hewa akiwa chini sana, akapanda juu mbio. Chomboni alicheka na wenzake. Kisha magoti yakaanza kumuuma, kisha kiuno, na walipomleta Kismayu alikuwa hawezi kukojoa wala kusimama. Hewa iliyokuwa imeyeyuka damuni mwake kule chini, kwa sababu ya kupanda haraka, ilikuwa imegeuka mapovu, na mapovu yamekaa kwenye uti wa mgongo. Dawa yake ni moja tu, kumtia kwenye chumba cha chuma kinachojazwa hewa ya mgandamizo, mapovu yarudi kuyeyuka, kisha mgandamizo ushushwe pole pole. Chumba cha karibu kiko Mombasa, na alikwisha zungumza nao kwa simu. Kila saa inayopita bila tiba, miguu ile inazidi kwenda.

"Nilitaka kumpeleka kwa boti hadi Kiunga, ng'ambo ya mpaka," Hodan alisema, "lakini mawimbi yatamuua na safari ni ndefu. Na ndege nayo naiogopa. Mtu huyu asipandishwe juu. Mkimpeleka kule mnakopita siku zote, hewa ya ndani itakuwa nyepesi kama ya mlimani, na mapovu yatavimba. Nataka unijibu wewe. Mnaweza kumpeleka huku hewa ya ndani ikiwa kama hii ya hapa ufukweni?"

Hakuhitaji kueleweshwa zaidi. Katika ndege ile, ukitaka abiria wawe kama wako ufukweni wakati nje ni juu sana, lazima uijaze hewa mpaka karibu na mwisho wa nguvu zake, na kila kiungo, kila dirisha, kila mpira wa mlango lazima uishike. Na alikuwa na mpira uliochanika.

Alimwambia daktari ampe nafasi azungumze na kapteni.

Kapteni Abdisalam alikuwa mtu wa Kismayu, mpole, mwenye mvi za mapema. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafanya hesabu zake. Kuruka chini chini njia nzima, ambako hewa ya nje yenyewe ni nzito, ndiyo ingekuwa salama zaidi kwa mgonjwa, lakini jeti likiruka chini hula mafuta kupita kiasi, na uwanjani siku ile mafuta ya ndege hayakuwapo. Waliyokuwa nayo yangewafikisha Mombasa kama wangepanda angalau mpaka kimo cha kati. Na kwenye kimo hicho ndege ingepaswa kujazwa hewa kwa nguvu zake zote.

"Mlango wako utashika?" aliuliza.

"Leo asubuhi haukushika."

"Sasa?"

Gharibu akasema hajui, atajua akishaufungua. Kapteni akamkumbusha kwamba ndege hairuhusiwi kulala hapo, na kwamba jua likianza kuzama uwanja unafungwa. Akaenda kuwaambia abiria wangoje.

Mpira ulikuwa umechanika kwenye kona, mahali unapopinda, mpasuko wa urefu wa kidole. Gharibu alifungua kitabu cha matengenezo kwenye tableti yake akasoma mara mbili. Mpasuko wa urefu ule uliruhusiwa kuzibwa kwa kiraka, kwa safari chache, mpaka mpira mpya upatikane. Ulikuwa ndani ya kipimo, lakini kwa kubanana. Ungezidi kidogo tu, kitabu kingemkataza, na angekuwa amepumzika.

Alisafisha mahali pale kwa spiriti, akakwaruza kwa msasa laini mpaka mpira ukapoteza mng'ao, akakata kiraka cha kitambaa maalumu, akakizungusha pembe zisije zikanasa. Kiraka cha kwanza kilikaa upande, akakitoa akakitupa. Alijiambia huu ni mlango wa ndege kama milango mingine. Kutoka pale alipokuwa amechuchumaa aliweza kuliona gari la hospitali na miguu ya Saada chini ya buibui, ikienda na kurudi, ikienda na kurudi.

Gundi ile ilihitaji muda mrefu kukauka, muda ambao hawakuwa nao, isipokuwa ipate moto. Marwa, mhudumu wa ndege, ndiye aliyemwambia kwamba birika la jikoni linafanya kazi. Wakachemsha maji, wakayatia kwenye chupa za plastiki, wakazifunga kwa taulo na kuzikandamiza juu ya kiraka kama mtu anayekanda jipu, wakabadilisha zilipopoa. Gharibu alikuwa na kidude cha kupimia joto, akahakikisha halipungui chini ya kile kitabu kilichotaka. Abiria walikuwa wakinung'unika sasa. Mfanyabiashara mmoja alikuja mpaka chini ya ngazi akasema hawezi kupoteza siku nzima kwa sababu ya mvuvi mmoja. Kapteni akamjibu kwa Kisomali, kwa utulivu, maneno machache, na yule mtu akarudi kivulini.

Gundi ilipokauka, ikaja sehemu ambayo Gharibu aliiogopa. Kiraka hakiwezi kusadikiwa kwa macho. Ndege lazima ifungwe ingali chini na kujazwa hewa.

Walikuwa wanne. Kapteni alikaa mbele akishika swichi za hewa. Msaidizi wake alibaki nje na ndoo ya maji ya sabuni na brashi. Marwa alisimama mbali na ndege asije mtu akaukaribia mlango, maana mlango ukifunguliwa wakati ndege imejaa hewa unaweza kuruka na kumuua aliye mbele yake. Gharibu alikuwa ndani, peke yake katikati ya viti vitupu, redio ya mkononi mdomoni. Injini ndogo ya mkiani ikaunguruma, hewa ikaanza kuingia, na kapteni akaifunga pole pole ile valvu kubwa inayoitoa.

Masikio ya Gharibu yalianza kubanwa. Akameza mate, yakafunguka, yakabanwa tena. Paneli za ukutani zikatoa milio midogo, kila ndege hufanya hivyo ikivimba. Akatembea kutoka mlango hadi mlango, kichwa amekiinamisha, akisikiliza. Mlango wa nyuma ulikuwa kimya. Aliweka shavu lake kabisa kwenye kona. Kimya.

"Nafunga hewa," kapteni alisema redioni. Kuanzia hapo hakuna kilichoingia, na sindano ya kipimo cha hewa alichoshika Gharibu ilipaswa kushuka taratibu sana.

Ikashuka kwa kasi.

Gharibu alipima dakika kwa saa yake ya mkononi, akapima tena. Ilivuja zaidi ya kile kilichoruhusiwa, tena sana. Alirudi mlangoni, akapapasa kote. Hakuna. Ilikuwa ikitokea pengine, mahali ambapo wala hakupajua, na jua lilikuwa limeshaanza kulalia upande wa nchi kavu. Alihisi kitu kama hasira dhidi ya ndege yenyewe. Kisha akajilazimisha kusimama tuli. Mtu anayetafuta tundu huku ana haraka hulipita.

Akaomba wajaze tena, na akamwambia msaidizi wa kapteni aache milango, apake sabuni chini ya tumbo la ndege, tangu mbele hadi nyuma, kwenye kila tundu la kutolea maji. Tumbo la ndege lina matundu madogo yenye vifuniko vya chemchemi. Ndege ikiwa tupu yamefunguka maji yatoke, na ikijaa hewa yanajifunga yenyewe. Kitambo kidogo, sauti ikaja.

"Injinia, hapa nyuma ya bawa pana povu. Povu kubwa, kama la jungu linalofurika."

Wakatoa hewa yote kwa utaratibu, na dakika za kungoja masikio yatulie zilikuwa ndefu kuliko zote. Gharibu akateremka, akalala chali kwenye lami iliyokuwa bado na moto, akafungua kile kifuniko. Ndani mlikuwa na punje ya kokoto, ndogo kama mbegu ya papai, iliyorushwa na gurudumu na kukwama kwenye kiti cha valvu. Basi ilikuwa imevuja safari nzima, kimya kimya, na mluzi wa mlango ukawa umemfunika macho asitafute tundu jingine. Aliisafisha, akaichezesha valvu kwa kidole mara kadhaa mpaka ikawa inarudi yenyewe bila kusita. Kisha akazikagua zote zilizobaki, moja moja, ingawa sauti ndani yake ilikuwa ikimpigia kelele ainuke.

Walipopima uvujaji mara ya pili, sindano ilikaa. Ilishuka pole pole, ndani ya kipimo, na kwa nafasi nzuri. Akaomba warudie mara ya tatu. Kapteni hakuuliza kwa nini.

Kilichobaki ni saini. Bila saini ya mhandisi ndege haiondoki, na ikiondoka naye amesaini, lolote litakalotokea ni lake. Gharibu alikaa kwenye ngazi, kitabu cha ndege magotini, akaandika alichokikuta na alichokifanya. Alipofika mahali pa saini, Kapteni Abdisalam akakaa kwenye ngazi ya chini yake.

"Nina watu wengi wa kubeba humu, Gharibu," alisema. "Nitakuuliza mara moja. Angekuwa mgonjwa mwingine, ungesaini?"

Gharibu akaitua kalamu kitabuni. Alikuwa amejiuliza swali hilo hilo akiwa amelala chini ya tumbo la ndege, na hakulipenda.

"Angekuwa mwingine ningesaini baada ya mara ya pili," alisema. "Kwa huyu nimerudia mara ya tatu kwa sababu sijiamini. Kiraka cha mlango kinashika. Lakini ni kiraka. Nitakaa pale pale, na nikikwambia shuka, ushuke bila kuniuliza."

"Na mafuta?"

"Hilo ni lako."

Kapteni akaitikia kwa kichwa. Gharibu akasaini.

Waliondoa viti vya nyuma upande mmoja wakaifunga machela sakafuni. Hodan alikaa karibu na kichwa cha mgonjwa, Saada karibu na miguu yake. Abiria wengine walipanda kimya, na wengine walipopita walimwombea. Yule mfanyabiashara alipita naye, akavua koti lake akampa Saada amwekee mgonjwa chini ya shingo, kisha akaenda kukaa.

Ndege ikaondoka ikielekea baharini, ikapanda taratibu mno, kapteni akiibembeleza. Gharibu alikaa kwenye kijikiti cha kukunja cha mhudumu, bega lake likigusa mlango. Mkononi alikuwa na saa ndogo ya kupimia kimo cha hewa, kifaa chake binafsi, na macho yake yalikwenda kutoka kwenye saa hadi kona ya mlango. Sindano ilisimama pale pale ilipokuwa Kismayu. Ndege ilipanda, na ndani ufukwe ulibaki ufukwe. Hodan alimuuliza kwa jicho, naye akainua kidole gumba. Saada alikuwa akisoma dua, midomo ikienda bila sauti.

Walikuwa wamefika kimo chao, na mpaka umeshabaki nyuma, mluzi uliporudi.

Ulianza kwa chini, kisha ukapanda. Pembe ya kiraka ilikuwa imeinuka. Gharibu aliiona kwa macho yake, ikitetemeka kama ulimi. Sindano ya saa yake ikatikisika, ikaanza kusogea. Alishika simu ya mhudumu akasema neno moja.

"Shuka."

Kapteni hakuuliza. Pua ya ndege ikainama. Lakini ndege haishuki mara moja kama jiwe, na hewa ilikuwa ikitoka haraka kuliko wao walivyoshuka. Adnani alifumbua macho akaanza kuguna, kisha akapiga ukelele wa maumivu, mkono wake ukatafuta kitu cha kushika ukamkamata Hodan kwenye kifundo. Hodan aliongeza hewa ya mtungi, akamwambia Gharibu kwa sauti ile ile ya taratibu kwamba hili lisiendelee.

Marwa alikuwa ameshakuja na blanketi. Alikuwa amefanya kazi kwenye ndege kuukuu miaka mingi na alijua. Wakalilowesha kwa maji ya kunywa, chupa baada ya chupa, Gharibu akalikunja kama kamba nene akalisukuma kwenye ule upenyo kwa vidole, kisha kwa mpini wa bisibisi uliofungwa kitambaa. Hewa yenyewe ikalivuta blanketi ndani ya nyufa ikalikaza. Mluzi ukashuka ukawa mnong'ono. Alilisukuma zaidi, akaegemea kwa mgongo, miguu ameikaza kwenye kiti cha mbele, na maji ya baridi yakamtiririka mpaka kiunoni. Akabaki hivyo. Hakuthubutu kuiangalia saa. Alimpa Marwa aishike na kumsomea.

"Imesimama," Marwa alisema. Kisha baada ya muda, "Inarudi. Pole pole, lakini inarudi."

Adnani aliacha kupiga kelele. Gharibu kutoka pale mlangoni hakuweza kumwona uso, aliona tu mkono wake umelala tena kwenye sakafu, na kwa kitambo hakujua umelala kwa nafuu au kwa jambo jingine. Saada akageuka akamwitikia kwa kichwa. Yuko hai.

Mbele, kapteni alikuwa na vita vyake. Kimo walichoshukia kilikula mafuta aliyoyawekea akiba. Alitangaza dharura kwa waongoza ndege wa Mombasa, akaomba njia ya moja kwa moja bila kuzungushwa, na akapewa. Abiria hawakuambiwa mafuta yamebaki kiasi gani. Baadaye Gharibu aliambiwa, na alitamani asingeambiwa. Walipotua, ndege nyingine mbili zilikuwa zikizunguka angani kuwapisha.

Gari lilikuwa likingoja pale pale uwanjani. Machela ilipopita mlangoni Gharibu alikuwa bado ameegemea blanketi, kwa mazoea tu, maana hapakuwa na cha kuzuia tena. Adnani alimshika shati.

"Kaka, masikio yako yanatoka damu," alisema.

Ilikuwa kweli, sikio moja. Hakuwa amehisi.

Hakupanda gari la wagonjwa. Alitamani, lakini ndege ilikuwa na mpira mbovu na yeye ndiye aliyeusainia, na mtu mwingine angeweza kuja kuichukua kwa safari ya kesho. Aliandika kitabuni, kabla ya kitu kingine chochote, kwamba kiraka kimeachia angani na ndege isiruke mpaka mpira mpya uwekwe. Akabandika kibandiko chekundu kwenye usukani. Kisha ndipo akaomba mtu ampeleke hospitali.

Kampuni ilimwita. Aliwaeleza yote, kiraka na kokoto na blanketi. Mkuu wa mafundi alisema kazi ilifuata kitabu, lakini kujaza ndege kwa nguvu zote kwa kutegemea kiraka cha siku hiyo hiyo hakukuwa busara, na kapteni naye akapewa onyo kwa ajili ya mafuta. Gharibu hakubishana. Aliona kwamba mkuu yule alisema kweli, na kwamba yeye angefanya vile vile tena, na mambo hayo mawili yalikaa ndani yake pamoja bila kusikilizana.

Adnani aliingizwa kwenye chumba cha chuma jioni ile, akarudishwa tena siku zilizofuata. Mguu wa kulia ulianza kusikia kwanza, kidole kikubwa, kisha unyayo. Wa kushoto ulichelewa na haukurudi wote. Alitoka hospitali kwa fimbo, akakaa kwa Gharibu wiki kadhaa, na hapo ndipo wakagombana. Adnani alisema akipata nguvu atarudi chini, maana hana kazi nyingine na wenzake wanamngoja. Gharibu alimwambia maneno makali ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Walikaa nyumba moja siku nyingi bila kusalimiana, Saada akipeleka chakula vyumba viwili.

Ni Saada aliyemaliza. Alimwambia mumewe, mbele ya shemeji yake, kwamba akizama tena yeye hatamtafutia ndege, na akasema hivyo bila kupaza sauti. Adnani aligeuza fimbo mkononi.

"Basi nani atawaangalia wale wenzangu?" aliuliza mwishowe, kwa lafudhi ya Koyama inayomwita mtu mchu. "Hakuna anayejua kupanda pole pole. Hata mimi sikujua. Mchu hukimbilia juu akikosa hewa, ndiyo akili ya mchu."

Walirudi Koyama kupitia Kiunga bahari ilipotulia. Hodan alimtumia saa ya kuvaa mkononi inayopima kina, na Gharibu alimnunulia ya pili. Siku hizi Adnani hukaa chomboni, hazami. Amefunga kamba ndefu yenye mafundo, na wazamiaji wanaopanda lazima wasimame kwenye kila fundo mpaka yeye avute kuwaruhusu. Wengine humcheka, husema wanapoteza muda na kamba wanatoroka. Wawili wamemhama wamekwenda kwa mwenye chombo mwingine. Waliobaki husimama.

Humpigia kaka yake simu upepo ukikubali. Mara ya mwisho alimwuliza, katikati ya habari za watoto na za bei ya petroli, ikiwa ndege ile bado ni ile ile. Gharibu akamwambia ndiyo, ni ile ile, imewekwa mpira mpya, na kesho asubuhi wanakwenda Kismayu.